SGR Dodoma–Dar kwa mzazi anayeacha watoto wadogo nyumbani: naipa nyota nne

Kama unaishi Dodoma, una mtoto wa chini ya miaka mitano na kazi inakupeleka Dar kila baada ya muda, haya maoni nimekuandikia wewe. Habari za kasi ya kilomita 160 kwa saa, viti, vioo na picha za stesheni mmeshaziona mpaka basi, kila aliyepanda alijipiga selfi. Mimi naangalia kitu kimoja tu: mzazi akipanda hii treni, watoto waliobaki nyumbani wanapata nafuu au hawapati? Wanapata, ila sio pale nilipokuwa naitegemea.

Mimi nina duka la nguo za watoto na mashuka pale Majengo, mzigo nachukua Kariakoo kama wenzangu wote. Watoto wawili, mkubwa miaka minne na ushee, mdogo ana mwaka na miezi mitatu na bado ananyonya. Baba yao ni dereva wa malori, leo yuko Singida kesho Tabora, kwa hiyo nikitoka mimi nyumbani wanabaki na bibi yao mzaa baba pamoja na dada wa kazi. Bibi ni Mgogo wa Mpwapwa, mkali kidogo lakini wajukuu anawapenda kufa, hilo niliseme mapema kwa sababu huko chini nitamtaja tena na sitaki aonekane vibaya.

Kabla ya treni ilikuwa basi. Barabara ni kama kilomita 450, basi halitakiwi kuzidi 80 kwa saa, ongeza mizani, ongeza kuchimba dawa na chakula Morogoro, ongeza foleni ya kuanzia Kibaha kuingia mjini, masaa nane yameisha na siku mbaya yanakuwa tisa. Halafu hujafika! Basi linakushusha Mbezi Luis kwenye stendi ya Magufuli, kutoka hapo mpaka Kariakoo ni safari nyingine kabisa ya daladala na jua la saa tisa, unafika wenye maduka wanashusha mapazia. Kwa hiyo unalala kwa ndugu Tabata, kesho yake ndio unanunua, keshokutwa unarudi. Mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 nikafurahi nikajua dawa imepatikana, unaondoka usiku unaamkia Dar, unanunua, usiku unarudi. Dawa gani, hapo watoto wamelala bila mama usiku wa kwanza, wamelala bila mama usiku wa pili, na mama mwenyewe akifika amechoka anamfokea kila mtu mpaka mbuzi wa jirani. Kuna siku basi moja, jina nalihifadhi, lilituzimikia baada ya Gairo tukakaa porini hadi jua linatua, chaji asilimia nne, nyumbani mtoto anataka asikie sauti yangu ndio alale. Siku hiyo sitaki kuikumbuka sana.

Treni za abiria za SGR zilianza Dar–Morogoro tarehe 14 Juni 2024, Dodoma zikafika 25 Julai, na Rais Samia akaja kuzindua rasmi 1 Agosti 2024. Ile ya kawaida inachukua kama masaa manne hivi, ile ya haraka inapungua kidogo. Lakini kwa mtu wa Kariakoo utamu haupo kwenye masaa manne peke yake, utamu upo kule unakoshukia. Stesheni ya Dar iko katikati ya mji, ukitoka nje bajaji au hata miguu kama huna haraka, unaingia Kariakoo watu bado wanakunywa chai. (Angalizo kwa wageni: stesheni hiyo nayo ni ya Magufuli, na stendi ya Mbezi ni ya Magufuli, ukimwambia bodaboda "Magufuli" malizia sentensi, la sivyo utajikuta Mbezi na treni yako inaondoka.)

Basi sasa hesabu ya siku moja iko hivi. Naondoka na treni ya asubuhi, nanunua, mzigo mkubwa nawaachia watu wa kusafirisha unakuja na lori, mimi narudi na treni ya usiku nikiwa na mkoba tu. Ratiba wanazibadilisha mara kwa mara kwa hiyo masaa siwatajii, angalieni wenyewe kabla ya kupanga.

Nilivyoanza nilikuwa na picha kichwani kwamba nitarudi niwaogeshe, tule pamoja, niwalaze. Sahauni. Ukifika Dodoma, upitie foleni ya kutoka stesheni, upate usafiri mpaka Nkuhungu, watoto wamelala zamani. Kwa hiyo usiku wa kulala hii treni haikupi. Inakupa asubuhi. Na asubuhi nimekuja kugundua ni kitu kikubwa kuliko usiku, angalau kwa mtoto wa umri wa huyu mkubwa wangu, kwa sababu mtoto wa miaka minne kesho anaijua, keshokutwa haijui. Zamani nikimwambia "mama anarudi keshokutwa" alikuwa anaitikia vizuri kabisa, halafu baada ya nusu saa anamuuliza bibi, leo ndio keshokutwa? Akilala mchana akiamka, anauliza tena, na hapo ndio vilio vinaanza kwa sababu kwa hesabu zake mimi nimeshadanganya. Sasa hivi namwambia, ukilala ukiamka utanikuta. Hiyo ahadi inaingia kwenye kichwa chake, ina ukubwa wake. Analala mapema makusudi ili asubuhi ifike, dada ndio ananiambia, anapanda kitandani jua halijazama anasema na nyie zimeni taa.

Ndio maana nasema nafuu haipo nilipoitegemea. Sio kwamba treni imenifanya nisiondoke, naondoka vilevile na siku nzima siko. Imefupisha ahadi tu. Kwa mtu mzima siku moja na siku tatu ni tofauti ya uchovu na nauli, kwa mtoto ni tofauti ya mama aliyesema kweli na mama aliyepotea.

Mdogo yeye habari za ahadi hazimhusu. Umri huo ndio wa kung'ang'ania, kuanzia miezi minane tisa hivi mpaka mwaka na nusu huko watoto wengi wanakuwa hivyo, ukienda chooni analia mlangoni. Kwake yeye tatizo ni ziwa la usiku. Nilipokuwa nalala Dar, kila nikirudi kila mtu ananishauri nimwachishe, mashangazi, wateja dukani, hata muuza mkaa alikuwa na maoni. Na kliniki wanatuambia anyonye mpaka miaka miwili na zaidi, chakula kingine akiwa anakula. Kwa safari ya siku moja mchana anakula uji, wali, ndizi, parachichi, hana shida, na usiku wa manane akishtuka ananikuta, ananyonya, maisha yanaendelea kama vile sikwenda popote. Kwa mama anayenyonyesha mimi naona hii peke yake inalipa nauli.

Ila mama mwenyewe jiandae. Kutoka alfajiri mpaka usiku maziwa yanajaa, yanakuwa kama mawe, na ukiyaacha yanaweza kuziba ukapata uvimbe na homa. Mimi nakamua kwa mkono nikifika Kariakoo, kuna dada mmoja mwenye duka la jumla ananipa stoo yake dakika kumi na tano, Mungu ambariki. Maziwa yenyewe namwaga. Najua inauma kumwaga, lakini maziwa yaliyokamuliwa nje ya friji yanahesabiwa masaa manne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar mchana nyuzi 25 utazipata wapi, halafu bado nina safari ya masaa manne ya kurudi. Mwenye kibegi cha barafu kizuri anaweza kubeba, mimi nabeba mkoba wa sampuli na risiti, nafasi hakuna. Weka pedi za maziwa na blauzi ya akiba. Na sweta au khanga nzito, mle ndani kiyoyozi hakina utani, kifua kimejaa halafu unapigwa na baridi, sio poa.

Sasa kuhusu simu. Sehemu ya kuchaji ipo, hiyo safi, ule wasiwasi wa Gairo umeisha. Lakini msipange vidio koli na watoto mkiwa njiani, sehemu za milimani kati ya Kidete na Kilosa simu inakatakata na kwenye mahandaki ndio kabisa, mtoto anaona sura ya mama imeganda mdomo wazi halafu inapotea. Kwa mkubwa wangu ilikuwa kichekesho, mdogo alilia akaenda kunitafuta nyuma ya simu. Tangu hapo vidio koli kwa mdogo nimeacha, akiniona ndani ya simu ndio anakumbuka kwamba sipo, wakati dakika mbili kabla alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa hana habari. Ninachofanya, jana yake usiku narekodi voisi kwenye WhatsApp, hadithi fupi ya sungura na fisi, dakika tatu nne, dada anawapigia wakati wa kulala. Haina haja ya mtandao mzuri na haikatiki katikati. Mkubwa anaomba irudiwe mpaka dada mwenyewe ameikariri, siku hizi ananikosoa kwamba fisi wa safari hii nimempa sauti ya fisi wa safari iliyopita.

Na khanga niliyolalia naiacha, mdogo analala nayo mchana. Haigharimu kitu.

Kwenye kuaga ndio tulikorofishana na bibi yao. Yeye ni wa ile shule ya kutoroka, mtoto apelekwe dukani kununua pipi, akirudi mama hayupo. Aliniambia, "Mwanangu, sisi tumelea tisa hivyo hivyo, akilia ananyamaza." Nikamwambia, "Mama, ni kweli, ila huyu akirudi asinikute siku nzima anakaa getini, hata uji hali." Akasema basi fanya unavyotaka, sauti ile ile mnayoijua ya basi fanya unavyotaka. Nikafanya. Nikiwa naondoka alfajiri namwamsha mkubwa kidogo tu, namwambia naenda, akilala akiamka kesho atanikuta, nambusu, natoka, sirudi nyuma hata kama nimesahau mwamvuli. Mwanzoni alikuwa analia kama dakika tano. Siku hizi ananiambia nipungie Mchongoko, ile treni yenye pua iliyochongoka, hata kama siku hiyo sipandi Mchongoko napanda ile nyingine, nimeacha kumrekebisha. Bibi hajasema kwamba nilikuwa sahihi na hatasema, ila juzi nilimsikia anamwambia jirani kwamba watoto wa siku hizi lazima uwaage. Imetosha.

Zawadi nazo tujadiliane. Basi lilikuwa linatuharibia watoto, kila kituo wanauza dirishani, karanga, machungwa, vitunguu, midoli ya plastiki, unarudi na mifuko saba na mtoto anapokea mifuko, wewe hakuoni. Kwenye treni madirisha hayafunguki, hakuna anayekuuzia kitu dirishani, unarudi mikono mitupu isipokuwa ukumbuke Kariakoo. Mimi nimeamua safari ya siku moja haina zawadi. Mkubwa alinuna mara moja tu halafu akasahau, sasa akiamka anakuja moja kwa moja kitandani kwangu badala ya kwenda kufungua begi. Wazazi wengine hapa mtasema nimekuwa bahili, sawa, na bahili pia nipo ndani yake kidogo.

Nauli. Daraja la kawaida treni ya kawaida Dodoma–Dar ni shilingi 31,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu yake yaani 15,500, chini ya miaka minne bure. Treni ya haraka na madaraja ya juu bei inapanda, na kwa hesabu ya mzazi wa aina yangu ile ya haraka haina maana, nusu saa unayookoa watoto wamelala vilevile, weka hiyo hela kwenye bajaji. Tiketi unakata mtandaoni, unaweka namba ya NIDA au kitambulisho kingine, unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu. Ijumaa na Jumapili zinajaa haraka kwa sababu Dodoma nusu ya mji familia zao ziko Dar, wale watumishi waliohamia na serikali wakaacha watoto wanasoma kule, hao ndio wanajaza mabehewa na mimi nawaelewa kabisa. Siku moja nilikaa karibu na baba mmoja mtumishi wa wizara fulani pale Mtumba, kila Ijumaa anashuka Dar kila Jumapili anapanda kurudi Dodoma, ananiambia mwanae wa miaka mitatu anajua kwamba baba anakaa kwenye treni. Anaishi kwenye treni, ndivyo mtoto anavyomwambia mwalimu. Tulicheka halafu tukanyamaza wote wawili mpaka Ngerengere. Kwa hiyo nisiwadanganye, hii treni inamsaidia sana mwenye safari fupi, kwa mwenye kuishi mbali na wanae inamsogeza tu. Jumanne mpaka Alhamisi siti zinapatikana kirahisi, mwenye uhuru wa kupanga apange hapo.

Kingine, fikeni mapema. Kuna ukaguzi wa mizigo na vitambulisho, na treni haina ile ya "konda subiri kidogo nipo kwenye boda", milango ikifungwa imefungwa. Siku ya kuondoka kila kitu kiwe tayari tangu usiku, nguo za mtoto, hela ya matumizi ya dada, dawa ya homa iko wapi, namba ya daktari au jirani mwenye gari imeandikwa ukutani kwa kalamu nene, maana ukishapanda masaa manne huwezi kumwambia dereva nishushe hapa Igandu nirudi.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hizi. Stesheni ya Dodoma haiko katikati ya mji kama ile ya reli ya zamani, na ukishuka usiku bei za bajaji na bodaboda zinajiamulia zenyewe. Mimi nina kijana wa bajaji wa mtaani kwetu, namwambia mapema ananisubiri, ninyi pia tafuteni wenu kabla ya kusafiri, hasa akina mama mnaorudi peke yenu. Pia hii sio treni ya mzigo, mwenye marobota yake ajue ana gharama ya pili ya kusafirisha, na ukijumlisha kuna siku basi linatoka nafuu zaidi. Siku nina mzigo mdogo unaokaa kwenye buti, watoto hawaumwi na baba yao yuko nyumbani, napanda basi bila kinyongo.

Likizo ya shule ikifika nitaenda na mkubwa, 15,500 naimudu, na nimeshamwahidi siti ya dirishani. Bibi anauliza nani atamshika Kariakoo nikiwa napatana bei. Swali zuri, mwenye jibu aniandikie hapo chini.